Kusoma Kutoka Chini

Jumamosi ile baada ya chakula cha mchana, Mzee wa Prufu alipangusa meza kwa kitambaa kikavu, akaweka bahasha ya kaki kushoto, rula ya mbao katikati na kalamu nyekundu kulia, kisha akasema bila kugeuka, "Nipunguzie kelele kidogo." Aliyekuwa akiambiwa ni mkewe, ambaye alikuwa anafuma masweta ya shule kwa mashine iliyokaa chini ya dirisha. Siku nyingine mke angemaliza kwanza safu aliyoianza. Siku hiyo aliiacha mashine pale pale, sweta likabaki na mkono mmoja, akavuta kikapu cha nyuzi na kujifanya anatafuta rangi ya buluu.

Ndani ya bahasha ile mlikuwa na hadithi yake yeye, mfumaji.

Mume hakuwa na habari. Katika kiwanda cha uchapaji alikosahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa, kwa miaka ishirini na sita, walikuwa wanaandaa mkusanyiko wa hadithi fupi za kusomwa sekondari, na mhariri alitangaza kwamba anapokea kazi za watu wasiowahi kuandika. Mke akanunua daftari la mistari. Akaandika kwa miezi minne, asubuhi, mume akiwa kazini na binti yao akiwa shuleni. Alipomaliza alilipeleka kwa mkono wake mwenyewe, akaomba mambo mawili tu: hadithi itoke kwa jina la Bi Fulani, na mumewe asiambiwe. Mhariri, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliisoma pale pale mgeni wake akisubiri. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Yeye anajua?"

"Atajua. Si ndiye anayesoma kila kitu kinachotoka hapa?"

Kwa mdogo wake alifunguka zaidi. Mdogo mtu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza.

"Dada, huyo mtu mnalala chumba kimoja. Kwa nini usimwambie tu kwa mdomo?"

"Nikimwambia kwa mdomo ananisahihisha."

"Basi hata hii ataisahihisha."

"Aisahihishe. Lakini atakuwa ameisoma. Sikiliza, nimeshaamua. Akiisoma akasema neno, neno lolote, hata akinitukana, nabaki. Akikaa kimya, ile kazi ya ulezi naichukua."

Kazi yenyewe ilikuwapo kweli. Shule moja ya wasichana, safari ya saa nne kwa basi, ilikuwa inatafuta mlezi wa bweni, na mkuu wa shule hiyo, aliyemfahamu kwa ajili ya masweta, alimpa muda mpaka muhula mpya ufunguliwe. Kwa hiyo yule mama aliyeinamia kikapu siku ile hakuwa anatafuta uzi wa buluu wala wa rangi nyingine. Alikuwa anangoja kuona kama ndoa yake ya miaka kumi na tisa ina mtu wa pili ndani yake.

*

Kuna jambo moja ambalo mke hakulijua, na angelijua pengine angeliacha daftari lile dukani. Mumewe hakuwa anasoma kutoka juu.

Alifundishwa hivyo na mzee aliyemtangulia kazini. "Usisome kama mtu anayetaka kujua itakuwaje," mzee yule alimwambia siku yake ya kwanza. "Anza na mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho, weka rula, panda. Ukiifuata hadithi itakuteka, na mtu aliyetekwa haoni kosa hata likimkanyaga." Kijana akalishika neno hilo, na tangu siku hiyo hakusoma kitu kwa namna nyingine. Vitabu vya historia, vya mapishi, vya dini, vya mapenzi, vyote vilipita chini ya rula yake kinyumenyume. Alivijua kama fundi anavyojua matofali ya nyumba ambayo hakuwahi kulala ndani yake. Kiwandani walimheshimu mno, kwa sababu kitabu kilichopita kwake hakikurudi. Mkewe alikuwa amemwona akifanya kazi hiyo maelfu ya mara, lakini daima kwa mgongo, na mgongo hausemi unasoma kutoka wapi.

Rula ikaanza kupanda. Mke akahesabu kurasa kwa sauti ya karatasi zikigeuzwa. Alijua ukurasa wa tatu una nini, kwa kuwa ndio uliomtoa machozi alipouandika, na ndio uliomfanya aandike hizo nyingine.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na msiba. Mke wa kwenye hadithi amefiwa na mama yake na ameombwa asome wasifu wa marehemu. Ameuandika usiku kucha, kurasa mbili. Asubuhi, ndani ya gari la kwenda makaburini, mumewe anaziomba zile karatasi azitupie jicho. Anatoa kalamu mfukoni. Wanapofika anamrudishia karatasi zikiwa zimejaa wekundu, na mke anapoitwa mbele ya watu hayaoni tena maneno yake mwenyewe. Anasema, "Mama alikuwa mtu mwema," anakaa. Mumewe anamwegemea na kumnong'oneza, "Afadhali umefupisha."

Hakuna chumvi iliyoongezwa hapo. Ndivyo ilivyokuwa, miaka minne nyuma, neno kwa neno. Msibani watu walidhani uchungu ndio umemkaba, wakamwonea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomuuma kuliko yote, maana alikuwa na mengi ya kusema juu ya mama yake. Mama yule alikuwa mcheshi. Alikuwa anaimba vibaya kwa makusudi ili wajukuu wacheke. Hakuna aliyeambiwa habari hizo hadi leo.

Mzee wa Prufu alifika ukurasa wa tatu saa tisa na robo. Akaupanda kutoka chini. Akalipita neno "umefupisha," akalipita neno "wekundu," akalipita neno "marehemu," yote yameandikwa sawasawa. Mahali pamoja alikuta mkato umezidi, akaukata. Mke aliusikia ule mkwaruzo wa kalamu, akadhani sasa atasema neno.

Ilipofika saa kumi mume alirudisha karatasi ndani ya bahasha, akajinyoosha.

"Makosa kumi na tisa," akasema kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. "Si haba kwa mwandishi mchanga. Endelea na mashine yako, nimemaliza."

"Na hadithi yenyewe?"

"Ipi?"

"Hiyo uliyokuwa unaisoma."

Mume akafikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Nadhani ina huzuni. Kuna msiba mahali."

"Msiba wa nani?"

"Sikufuatilia," akasema, na akaenda kunawa mikono.

*

Prufu ya pili aliisomea kazini. Mhariri mwenyewe ndiye aliyemletea, jambo ambalo halikuwa kawaida, akasimama mezani pake kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Mzee wangu, hadithi ya saba leo isome kuanzia juu."

"Juu kuna nini?"

"Kuna hadithi."

Mzee wa Prufu akacheka sana. "Mama, hayo waachie wanafunzi. Mimi nikianza kusoma hadithi, mtarudishiwa vitabu malori kwa malori."

Mhariri alikuwa ameahidi kutosema, na alikuwa mtu wa ahadi. Baadaye sana aliijutia ahadi ile, akasema zipo ahadi za kutimiza na zipo za kuvunja, na kwamba yeye siku hiyo alishindwa kuzitofautisha. Akarudi ofisini kwake.

Mpangaji kurasa, ambaye meza yake ilitazamana na ya Mzee wa Prufu, aliinama juu ya kazi yake kuliko ilivyohitajika. Naye alikuwapo msibani miaka minne nyuma, alikwenda kwa niaba ya ofisi, na alipokuwa anaichapa hadithi ile alimtambua kila mtu ndani yake kufika aya ya pili.

"Mimi niliisoma," akasema polepole. "Nililia."

"Ndiyo maana uliruka mistari miwili ukurasa wa tano," Mzee wa Prufu akamwambia, bila ubaya wowote, akaweka rula chini kabisa.

Prufu ya mwisho mume alirudi nayo nyumbani, akaipitia siku ya mapumziko, asubuhi, chai ikiwa bado mezani. Muhula mpya ulikuwa umebakiza siku nne ufunguliwe. Mke alikuwa ameshakata tamaa mara mbili na mara mbili ameirudisha, na sasa akaona auvunje utaratibu wake mwenyewe, amsukume kidogo. Alisubiri mpaka bahasha ifungwe. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mume akiwa na kazi.

"Nina swali. Ile hadithi ya Bi Fulani. Ungekuwa wewe ndiye yule mume, ungefanyaje?"

Akamtazama usoni. Sina budi kusema kwamba katika miaka ile yote hakuwahi kumtazama kwa matumaini makubwa kama ya asubuhi hiyo.

"Kwani kuna mume?" akauliza Mzee wa Prufu.

Mke alikuwa amejiwekea kwamba neno lolote litatosha, na hapo alipewa matatu. Hayo hakuwa ameyafikiria. Akakusanya vikombe, akavipeleka kuoshwa.

*

Habari ya kuondoka aliitoa jioni hiyo hiyo, wakila, binti yao akiwepo.

"Nimepata kazi. Ulezi wa bweni, shule ya wasichana. Naanza Jumatatu."

Binti akaacha kutafuna. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wake wa mitihani, na alielewa mambo ya nyumba ile kuliko walivyodhani wakubwa wake.

"Ni jambo jema," akasema baba. "Mshahara unaeleweka?"

"Unaeleweka."

"Na masweta?"

"Mashine anaichukua mdogo wangu."

"Basi likizo utakuwa unakuja." Akaendelea kula, kisha akakumbuka jambo. "Barua ya maombi uliandika mwenyewe? Ungenionyesha kwanza."

"Niliandika mwenyewe," akasema mke. "Wameielewa."

Mume alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akambebea sanduku, akamtafutia kiti cha dirishani, akawaomba abiria wawili wajisogeze. Mtu angewaona siku hiyo angesema hawa wanapendana, na asingekosea sana. Dereva alipowasha gari, mke alichungulia dirishani.

"Kikitoka kile kitabu, kisome."

"Kitabu gani, cha hadithi? Nimeshakisoma mara tatu."

Mke akataka kusema kitu, gari likaondoka. Njiani, mkoba ukiwa mapajani, alijiuliza kama hakumtendea mtu yule ukatili kumpima kwa mtihani ambao hakuambiwa kwamba anaufanya. Swali hilo alikwenda nalo, na sidhani kama lilimtoka.

*

Mwezi uliofuata kitabu kilitoka, kikagawiwa mashuleni. Mzee wa Prufu alianza kuona vitu ambavyo hakuvielewa. Chumba cha chai kiwandani kilinyamaza alipoingia. Mtunza ghala, ambaye walikuwa wakitaniana kila siku, alimwuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kunaendelea vizuri. Mwenye duka la vifaa vya shule pale mtaani alimrudishia chenji, akamtazama, akasema, "Mzee, kumbe wewe ni mtu maarufu," na wateja wawili wakageukia rafu kuficha nyuso zao. Akadhani ni mkewe kufanya kazi mbali ndiko kunakowasemesha watu. Akapiga moyo konde, akajipikia, akajifulia.

Siku moja alasiri binti alirudi kutoka shuleni na kitabu kile mkononi. Hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye kiti cha mama yake chini ya dirisha, mahali palipokuwa na mashine, akamtazama baba yake akichambua mchele.

"Baba, hadithi ya saba umeisoma?"

"Nimeisoma mara tatu. Makosa yalikuwa kumi na tisa, kisha manne, kisha hakuna."

"Leo mwalimu ametuambia tutaje kasoro za mhusika mume. Nimenyoosha mkono nikataja. Akaniambia endelea, nikaendelea. Nimetaja nane." Sauti yake ikaanza kupanda, akaituliza. "Mwalimu akaniuliza, wewe umeyajuaje haya mengine, mbona kitabuni hayamo?"

Mzee wa Prufu akaacha mchele.

"Darasa zima likacheka, Baba. Kisha wakaelewa, wakaacha kucheka. Bora wangeendelea."

"Sijakuelewa, mwanangu. Mume gani?"

Binti alikuwa ameingia na hasira tele, tena za haki. Lakini alipoiona ile sura, sura ya mtu asiyejua kweli, hasira zikamwishia akabaki na huruma, na huruma kwa mzazi ni kitu kizito kwa umri wake. Akakifungua kitabu, akakiweka mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza kabisa.

"Anzia hapa," akasema. "Teremka."

Akaenda jikoni, akauacha mlango wazi.

Haikuwa rahisi kama inavyodhaniwa. Macho yalikimbilia chini ya ukurasa yenyewe, akayarudisha juu, yakakimbia tena. Mwishowe alilaza kiganja juu ya mistari ya chini, akawa anafunua mmoja mmoja. Mstari wa kwanza ulisema kwamba nyumbani kwao kulikuwa na mashine mbili, moja ya kufuma na moja ya kunyamazisha. Akaona ni maneno ya kuchekesha, akatabasamu. Mstari wa pili ulimtaja mume anayepangusa meza kwa kitambaa kikavu.

Baada ya hapo hakutabasamu tena. Alijikuta amesimama mbele ya wageni akimwambia mkewe, "Si hivyo, sema hivi," na wageni wakitazama mazulia. Alijikuta akisoma barua ambayo mke alimwandikia zamani, yeye mume akiwa amelazwa hospitali, na kumrudishia siku ya kutoka ikiwa na alama pembeni, kwa utani, yeye aliona ni utani. Alifika msibani. Akasoma "afadhali umefupisha," na kwa mara ya kwanza akasikia neno hilo lilivyosikika upande wa pili. Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuwa anachukia kitu siku ile. Alikuwa na fahari naye, alitaka asifike mbele ya watu na kosa. Aliyekuwa ameandika hadithi alilijua hilo pia. Lilikuwapo ukurasa wa nne, limesemwa kwa haki kabisa, na haki ile ilimuumiza kuliko ambavyo matusi yangemuumiza.

Mwisho nao akaukuta. Mume wa kwenye hadithi anazigundua zile karatasi za wasifu chini ya nguo kabatini. Anakaa kitandani, anazisoma kwa sauti tangu juu hadi chini, wekundu na vyote. Kisha anamwita mkewe, anamwambia, "Nisamehe. Nilisahihisha kilio chako." Mke anakaa pembeni yake, na hadithi inaishia hapo.

Binti alipotoka jikoni alimkuta baba yake akilia bila sauti, mchele haujachambuliwa. Akauchukua akaenda kuumalizia mwenyewe.

*

Siku ya wageni katika shule ile ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mzee wa Prufu alitoka nyumbani alfajiri. Kwa saa zote nne ndani ya basi alitafuta maneno ya kumwambia mkewe, yake mwenyewe, na kila alilolipata alilikataa: hili refu, hili lina kujitetea, hili ni la barua ya ofisi. Alipoteremka hakuwa na kitu.

Mlezi alikuja kumpokea akiwa na funguo nyingi kiunoni na miwani mipya. Alikuwa amenenepa kidogo, na ilimpendeza. Walikaa kwenye benchi nje ya bweni, katikati yao pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Binti hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu. Anasoma sana." Akatazama mlango wa bweni. "Nimesoma."

Mke hakuuliza amesoma nini.

"Nilikuwa nasoma kutoka chini," akasema mume. "Si hiyo tu. Vyote, miaka yote. Ndivyo nilivyofundishwa. Sikuona kwamba kuna mtu ndani."

"Kutoka chini?"

Akamweleza, rula na yote. Mke alimsikiliza, na usoni mwake yakapita mambo mengi, kicheko kikiwemo, lakini hakikufika mdomoni. Akaona sasa jinsi alivyoinamia kikapu cha nyuzi akingoja, na yule mtu hata hakuwa njiani.

"Basi nami nina langu," akasema. "Nilikutega. Ningeweza kukukalisha chini nikasema, na kama ungenisahihisha ningesema tena. Niliona ni rahisi zaidi kuiambia karatasi."

Mume akageuka. "Nisamehe. Nilisahihisha kilio chako."

Upande wa jikoni sufuria zilikuwa zinasuguliwa.

"Hayo niliyaandika mimi," akasema mke.

"Najua. Nimetafuta yangu njia nzima. Sikuyapata."

"Niliyangoja uyaseme kabla hayajapigwa chapa. Sasa kila shule inayajua." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni kwamba basi limeshaondoka. "Nimekusamehe, hilo usilibebe. Ila kuna wasichana themanini humu ndani, na jioni wakinijia na mambo yao nasema, wananisikiliza. Sikujua kama nina maneno mengi hivi."

"Hutarudi."

"Binti aje likizo akae na mimi. Nawe ukipenda uje."

Mume alitaka kujibu, wakatokea wasichana watatu kwenye kona ya bweni, kila mmoja na daftari, mmoja amebana kitabu kile kwapani.

"Shikamoo, Mama Mlezi. Shikamoo, baba."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili.

"Samahani kwa kuingilia. Tuna kazi ya kesho, hadithi ya saba. Swali la mwisho linatuuliza kama mwisho wake unaaminika."

"Nyinyi mmeonaje?"

"Wote tumesema hauaminiki," akasema mwenye kitabu. "Yule baba kurasa zote haoni kitu, halafu ghafla ukurasa mmoja anaona? Watu wa namna ile huwa hawaoni. Tumesema mwandishi alimwonea huruma tu."

Mzee wa Prufu alitazama viatu vyake, ambavyo alivipaka rangi alfajiri kwa ajili ya safari.

"Andikeni mlivyoona," akasema Mlezi. "Lakini toeni sababu."

Wakashukuru, wakaenda zao wakibishana. Mume alisubiri mpaka sauti zao zikapotea ndani.

"Na wewe je?" akauliza. "Unauonaje, huo mwisho?"

Mke alikuwa ameshasimama, anatafuta ufunguo wa chumba cha mashuka katika zile nyingi.

"Nilipokuwa nauandika," akasema, "niliuamini kabisa."